Uongo wa Miezi Mitatu

Mimi nina hasira za karibu, nalisema mapema ili asije mtu akaniambia baadaye. Nikibanwa kidole na mlango, naugombeza mlango. Lakini kazi niliyopewa na dunia ni ya polepole kuliko zote ninazozijua: nashona magodoro ya pamba. Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu chenye madirisha upande wa jua la asubuhi, na pamba ikichambuliwa hupaa, ikaelea, ikakaa hewani muda mrefu kama haijui pa kwenda. Anayeingia kutoka nje hupiga chafya mara tatu, kisha huanza kuongea kwa sauti ndogo bila kuambiwa. Wateja wote hufanya hivyo. Hata askari aliyeingia siku moja kuuliza njia aliuliza kwa kunong'ona.

Kwenye dirisha la mwisho ndipo anapokaa mke wangu na cherehani yake. Yeye hushona vitambaa vya nje na foronya. Mimi najaza pamba, nashindilia, napitisha sindano ndefu toka juu mpaka chini na kukaza vifundo. Ananiita "fundi". Alianza kuniita hivyo siku alipokuja kununua mto; akashindwa kuchagua, akarudi mara nne. Mpaka leo namwambia, wewe hukuwa na shida ya mto. Anacheka, anakana.

Kwetu godoro halitoki mlangoni mpaka limelaliwa. Ndivyo alivyonifunza aliyenifunza kazi: ukishamaliza, vua viatu, jilaze robo saa, fumba macho, acha mgongo ukague. Macho yakiona kitambaa kizuri yanaridhika, lakini mgongo unasikia kila donge. Kwa hiyo kwa miaka mingi nilikuwa mtu anayelala mchana kwa sababu za kikazi, na wivu walionionea majirani haukuwa mdogo.

Tulikuwa na miaka minne ya ndoa na hatuna mtoto. Watu wanaomheshimu mwanamke humwita kwa jina la mwanawe, sasa wa kwangu wakawa hawajui wamwiteje. Wakamwita Dada wa Foronya. Yeye aliitika vizuri tu. Mimi nilikuwa nasikia kila wanapoita, na kila mara nilitaka kumrushia mtu mto.

Mama yangu yeye hakuzunguka. Kila Jumatano alasiri alikuja na chupa ya chai ambayo ndani hamna chai, mna mizizi aliyoichemsha mwenyewe, akammiminia mkwewe kikombe na kusimama hapo hapo mpaka kiishe. "Kunywa mwanangu, tumbo lifunguke." Mke wangu alikunywa, macho yakimtoka machozi kwa uchungu. Mama hakuwahi kunimiminia mimi. Halikumpitia kichwani, na wala mimi halikunipitia.

Mwishowe mke wangu ndiye aliyesema twende tukapimwe wote. Alisema akikata uzi kwa meno, kama anayesema kitambaa kimekwisha. Nikafoka kidogo, kwa desturi, kisha nikaenda, mimi kwanza.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Chumba chake kilikuwa na pazia jepesi, na feni iliyokuwa ikilivuta na kuliachia. Nilikuwa nalitazama lile pazia aliponiambia. Mbegu zangu ni chache, alisema, na zilizopo nyingi hazina nguvu ya kusafiri. Akaniuliza nalala saa ngapi. Nikamwambia silali. Nakula nini? Chochote kilicho karibu. Sigara? Nikatazama pazia. Akaniambia mambo hayo yote yanaweza kuwa yanachangia, msongo wa mawazo nao umo, ingawa hawezi kuapa kuwa ndiyo sababu. Nilale. Nile mboga za majani, matunda, samaki, karanga. Niache moshi. Nguo za kubana nizipe likizo. Vidonge vya virutubisho vingine huenda vikasaidia, vingine ni kupoteza muda, na nisinunue kitu chochote mtaani bila kumwonyesha.

"Mbegu mpya huchukua kama miezi mitatu kutengenezwa," alisema. "Tuonane baada ya hapo. Na umlete mwenzio."

Mke wangu alikuwa ananisubiri karakanani. Niliingia, pamba inaelea, jua limemkalia begani, akainua uso. Sijui kama nimewahi kuuona uso uliotaka kujua kitu kiasi kile. Ningesema. Wallahi ulimi ulikuwa umeshajipanga.

"Safi," nikasema. "Niko safi."

Akafurahi. Hilo ndilo lililonimaliza: alifurahi kwa ajili yangu kwanza, akanishika mkono, ndipo taratibu nikaona furaha inamtoka na kitu kingine kinaingia. "Basi ni mimi," akasema.

Nilijiambia ni uongo wa miezi mitatu tu. Mbegu mpya zikija, neno langu litakuwa kweli, na hakuna atakayekuwa ameumia. Ndivyo nilivyopiga hesabu, mtu mzima na akili zangu timamu. Karatasi ya majibu nayo? Mtu mwenye busara angeichoma. Mimi nilikuwa nimeshika sindano na godoro liko wazi mbele yangu, nikaikunja mara nne, nikaisokomeza katikati ya pamba na kushona. Lilikuwa godoro lenye kitambaa kilichofifia upande mmoja, lisilouzika. Nikaliweka chini kabisa ya rundo.

Basi nikaanza kujitengeneza. Nilikula majani mpaka nikawa naogopa kupita karibu na mbuzi. Mbegu za maboga nilizitafuna kutwa, mke wangu akaniuliza kama nimegeuka kasuku. Nilivaa suruali pana, majirani wakauliza kama ni zangu au ni za marehemu. Sigara niliacha, na kwa wiki mbili kila mtu alinikera, hata wale waliokuwa wamelala.

Ila usingizi ulikataa. Nilijilaza kwenye godoro jipya kulikagua, nikafumba macho, na badala ya kusikia madonge nikasikia lile neno moja. Safi. Nikifumbua macho, pamba ile ile iko hewani, cherehani ile ile inakwenda. Siku ziliingiliana. Nilikuwa natembea ndani yake kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine. Kuna wakati nilimkuta mteja mbele yangu anaongea na sikujua ameanza lini. Mke wangu akaona magodoro yananishinda. "Wewe jaza na ushone," akasema, "kulala nitalala mimi." Kuanzia hapo yeye ndiye aliyekagua, robo saa kila godoro, nywele zimetapakaa, mdomo wazi kidogo. Nilikuwa namtazama na moyo unaniuma kwelikweli.

Nyuma ya soko kulikuwa na jumba la mazoezi, na humo alikuwamo mtu tuliyemwita Misuli. Hakukuwa na haja ya kueleza kwa nini. Nilimwambia nimechoka, nimeishiwa nguvu. La mtoto sikulitaja. Akanitazama juu mpaka chini kwa huruma, akanipa kopo lililochorwa fahali. "Vitamini tupu hizi, kaka. Wiki tatu tu, hutojitambua."

Na kweli sikujitambua. Mabega yalijaa. Nilibeba marobota mawili ya pamba kwa mkupuo mmoja. Hasira nayo ikapata misuli yake: nilimfokea muuza nyuzi mpaka akaniomba radhi kwa kosa nisilolijua. Nikasema moyoni, dawa inafanya kazi. Mwanamume mzima amerudi. Daktari aliniambia nimwonyeshe kila nitakachonunua, lakini yeye alikuwa mbali na Misuli alikuwa karibu.

Wakati mimi natanuka mabega, mke wangu alikuwa anakwenda kliniki ya wanawake. Walimuuliza mume amepimwa? Akajibu ndiyo, yuko salama, na alijibu kwa fahari, maana aliniamini. Cheti waliomba, nikasema kimepotea. Wiki ya tano wakampitishia dawa kwenye mirija ya uzazi ili waone kama imeziba. Alirudi kwa miguu, amejikunja, mkono ukutani. Nikatandika magodoro mawili, moja juu ya jingine, nikamlaza. Alilala akitazama dari. "Mirija iko wazi," akasema. "Wanataka kunitoboa tumbo waingize kamera, wachungulie. Wamenipa tarehe." Ilikuwa Alhamisi, wiki nane mbele.

Hapo ndipo mtu mwingine angesema. Najua. Msinikodolee macho. Mimi nilikwenda nyuma ya karakana nikapiga ngumi robota la pamba, ambalo halina hata adabu ya kukuumiza, kisha nikarudi nikamletea maji. Wiki nane ni nyingi, nikajiambia. Kabla ya kisu, nitakuwa safi kweli.

Tangu wiki iliyofuata mke wangu alibadilika, na mimi, kwa usingizi niliokuwa nao, nikadhani ni uchovu. Alipunguza utani. Kila Jumapili akitandika kitanda aliniuliza, "Fundi, una la kuniambia?" Nikasema sina. "Haya." Na Jumatano, mama anapomsimamia na kikombe, alikunywa akinitazama mimi juu ya ukingo wa kikombe, mpaka tone la mwisho. Nilijifanya natafuta mkasi.

Jumatano ya mwisho, siku moja kabla ya ile Alhamisi, nilirudi kwa daktari asubuhi. Peke yangu. Niliingia kifua mbele. Pazia lilikuwa lile lile, feni ile ile.

Alikaa na karatasi kwa muda mrefu. "Hakuna," akasema.

"Hakuna tatizo?"

"Hakuna mbegu. Hata moja."

Nikacheka. Mtu akinyang'anywa maneno sijui hutokea nini, mimi nilicheka. Akaniuliza natumia dawa gani. Nikatoa kopo mfukoni, maana nilikuwa nimekwenda nalo kwa kujisifu. Alivaa miwani, akasoma maandishi madogo, akavua miwani.

"Hizi si vitamini. Ni homoni za kiume. Mwili ukipokea homoni kutoka nje unaona zimejaa tele, unakifunga kiwanda chake wenyewe. Umejaza mabega, mbegu umezizima."

"Zitarudi?"

"Mara nyingi hurudi. Miezi sita, mwaka, wengine zaidi. Siwezi kukuahidi. Hili kopo liache hapa, na wiki ijayo uje tufuatilie hali yako, usijitibu tena." Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitaka. "Mwenzio anasemaje?"

Nilirudi karakanani sijui kwa barabara ipi. Mke wangu alikuwa ameegemea cherehani, anashona mfuko mdogo wa kubebea nguo za hospitali. Nilijua ni wa kesho. Akaniambia nimepauka, nijilaze kidogo kwenye lile godoro la harusi lililokwisha jana. Nikavua viatu. Nilijilaza, na kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu, usingizi ukanichukua mchana kweupe.

Nikaota karakana imejaa pamba mpaka darini, na mimi naelea humo, sina uzito, sina hasira. Sauti ya cherehani ilikuwa inatoka mbali, kama mvua kwenye bati la jirani. Mbele yangu palikuwa na kitambaa kilichotandazwa, kikubwa, hakina mwisho, na nyuma yake mtu mdogo alikuwa anapapasa. Niliona kiganja kinakisukuma kitambaa hapa, kikaondoka, kikasukuma pale. Alikuwa anatafuta mshono aliobakiziwa wazi ili atoke. Hakulia. Alikuwa na subira ya ajabu. Nami nilikuwa upande wa nje na sindano ndefu, najua ule uwazi uko wapi, na nilikuwa naushona. Kifundo, na kingine, na kingine. Nikaiambia mikono acheni. Mikono ilikuwa imezoea kazi. Kile kiganja kikafika hapo nilipokuwa nashona, kikasimama, nikalisikia joto lake kupitia kitambaa. Nikavuta uzi, nikakaza.

Nilizinduka nimekaa kitako, shati limeloa. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Mke wangu alikuwa ananitazama.

"Ni mimi," nikasema. "Siyo wewe. Ni mimi tangu mwanzo. Nilikudanganya, nikawa naona aibu, kisha nikawa naona aibu ya aibu. Usiende kesho. Huna ugonjwa wowote, mimi ndiye... na nimekunywa madude ya Misuli nikazidi kuharibu, sasa hakuna hata moja. Usiende kukatwa kwa ajili yangu."

Alikunja ule mfuko vizuri. Akauweka kando.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Wiki ile baada ya kipimo cha mirija nilipanga rundo upya. Lile godoro lililofifia nikalilalia, nikasema nilikague, tulipunguzie bei tuliuze. Likanichoma ubavuni. Godoro lako wewe, lina donge! Nikajua fundi huyu hayuko sawa. Nikafumua." Alisema polepole, kama anasimulia habari za watu wengine. "Nikasoma. Nikarudisha, nikashona."

"Na kesho?"

"Hakuna kesho. Nilikwenda kuifuta ile tarehe siku ile ile."

Hasira zangu, zile za karibu, zikafika kabla ya akili. "Ala! Wiki saba zote? Umenikalisha roho juu wiki saba, unanichezea?"

"Nani?" Akasimama. Miaka minne sijamsikia akipaza sauti, na hata siku hiyo hakuipaza, ila pamba iliyokuwa karibu na uso wake ilisogea. "Mimi ndiye niliyekuchezea? Nililala pale wamenibana miguu, naumwa, nasema moyoni, afadhali yeye mzima, angalau yeye mzima. Karatasi iko ndani ya godoro. Nilikuuliza kila Jumapili. Kila Jumapili, fundi. Nilitaka nione utanifikisha wapi. Utanifikisha mlangoni? Utanifikisha kitandani? Nilikuwa nahesabu siku kama wewe, ila mimi nilikuwa nakuombea uwahi."

Nikalia. Sina maneno mazuri ya kulisema hilo. Nililia juu ya godoro la harusi la watu, nikalitia doa.

Yeye hakuja kunibembeleza. Alikaa, akatazama dirishani. Ndipo tukasikia hodi, na mama akaingia na chupa yake, akapiga chafya mara tatu, akaanza kunong'ona kama wateja wote. "Hamjambo wanangu? Leo nimeichemsha nzito, kwa sababu ya kesho."

Mke wangu aligeukia cherehani yake. Hakunitazama hata kidogo. Nikaelewa kuwa hatanisaidia, na kwamba anayo haki ya kutonisaidia.

"Mama, keti."

"Nikae nini, ipoe?"

"Mama, mkweo hana tatizo. Hajawahi kuwa nalo. Asiyeweza kuzalisha ni mimi. Nimepimwa mara mbili. Nilijua, nikakuacha unamnywesha."

Mama alitazama huku na huku kama mtu aliyepotewa na mlango. "Hao madaktari wako..." akaanza.

"Mama. Ni mimi."

Akaketi kwenye godoro lililokuwa karibu. Mwanamke mnene, mwenye kauli, ambaye sijawahi kumwona akikosa la kusema. Akaketi na mikono mapajani. Kisha akamgeukia mke wangu, siyo mimi.

"Nawe ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mama."

"Na bado ukawa unakunywa?"

"Nilikuwa nasubiri mwanao aseme."

Mama akajifunika uso kwa mtandio. Alipojifunua, alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nimekutesa mwanangu. Nisamehe."

Mimi nilitegemea mke wangu aseme yameisha, kama wasemavyo watu wote. Ndivyo alivyozoea: kulainisha, kuwapunguzia wengine. Alifikiri kwanza.

"Sijui, mama," akasema. "Leo sijui. Labda nikija kujua nitakuambia."

Mama akaitikia kwa kichwa. Akaondoka bila kuaga, na mlango akaufunga taratibu sana. Mwanga ulikuwa unaanza kuondoka madirishani. Nilitaka kumuuliza mke wangu kama naye ataondoka, na kila nilipofungua mdomo niliogopa jibu. Yeye alitia uzi kwenye sindano ya cherehani. Uzi ulimpita mara mbili, akaulamba, ukaingia.

"Daktari wako amesema urudi lini?" akauliza.

"Wiki ijayo."

"Tutakwenda wote."

"Nitakupitishia jibu la kila kipimo," nikasema haraka, "kila karatasi nitakayopewa, siku hiyo hiyo, nakuapia..."

"Hutanipitishia," akasema, akakanyaga cherehani. "Nitaipokea mimi, na nitaisoma mimi kwanza."